Kauli ya Wachezaji Kumi na Wanne

Barua ilisomwa na Abbasi mwenyewe, kwa kuwa pale ukingoni hapakuwa na mtu mwingine aliyejua kusoma herufi za Kizungu. Alikuwa amelazwa chali ndani ya mtumbwi, mguu wa kushoto umefungwa kwa vibao vya sanduku la chai na matambara, jasho likimtiririka mpaka masikioni. Mshamu, baba yake, alisimama kwenye tope lililomfika magotini, mkono mmoja umeshika ubavu wa mtumbwi. Wanawake waliokuwa wakisugua vyungu waliacha kusugua.

"Soma," alisema Mshamu. "Polepole, nisikie."

"Kwa mzee wa mwanafunzi Abbasi Mshamu, Salale," Abbasi akasoma. "Mwanao ameanguka kutoka juu ya mnazi wa shule siku ya Jumanne, alipokuwa akiiba nazi..." Akaishusha barua. "Baba, si kweli."

"Malizia kwanza."

"...alipokuwa akiiba nazi. Kwa sababu hiyo ameondolewa shuleni tangu leo, wala hataruhusiwa kufanya mtihani wa darasa la nane. Ni mimi, Sadallah, mwalimu, kwa amri ya Bwana Mkubwa wa Shule."

Mwenye mtumbwi akatazama kando. "Mimi mchukuzi tu, kaka. Nimepewa mtu na karatasi. Siku mbili tumelala njiani."

Mshamu aliikunja barua akaitia kwenye kofia yake, akaivaa. Kisha akainama, akamtia mwanawe mikononi kama mtu abebaye kuni mbichi, akapanda naye ukingo. Hakuna mwanamke aliyesema pole mpaka alipokwisha kupita. Kabla ya swala ya magharibi neno "nazi" lilikuwa limevuka mto, limefika Maparoni.

Zamda, mama yake Abbasi, alikwisha kumwita Bi Mwanaamina, mwunga mifupa. Bibi yule alifungua matambara, akapapasa muundi kwa vidole viwili, akatikisa kichwa.

"Angeletwa siku ile ile ningekwambieni neno jingine. Hivi sasa mfupa umeshaanza kushikana utakavyo wenyewe. Kwa nini hawakumpeleka Utete hospitali? Si karibu zaidi kuliko hapa?"

"Muulize yeye," alisema Zamda.

Abbasi alingoja mpaka bibi alipokwisha kumnyoosha na kumfunga, na yeye alipokwisha kulia. Ndipo aliposema. "Utete daktari angeniuliza nimevunjika vipi. Ningemwambia raga."

Nyumba nzima ilikwisha kusikia habari za raga. Ndio mchezo ambao Bwana Toli, Mwingereza mkubwa wa shule ya kati ya wavulana ya Nyakimbe, juu kwenye barabara ya Kibiti, aliuleta mwaka ule wa hamsini na sita, na mpira wake uliochongoka ncha mbili kama tango. Wavulana kumi na watano walichaguliwa. Nahodha alikuwa Bwanaheri, mpwa wa Mshamu, mtoto wa marehemu Mashavu, aliyelelewa humu ndani tangu ana miaka mitatu. Yeye na Abbasi walinyonyeshwa adabu moja na kulalia mkeka mmoja. Bwanaheri alikuwa mzito, mwenye mabega, akasukumana katikati. Abbasi alikuwa mwepesi, akawekwa pembeni akimbie. Likizo iliyopita walicheza uani wakitumia furushi la makuti, wakimwonyesha Mshamu jinsi mpira unavyopasiwa nyuma ilhali watu wanakwenda mbele, naye akacheka mpaka akakaa chini. "Mchezo gani huo wa kaa?" alisema.

Tangu Agosti timu ilikuwa imecheza mara tatu. Ilifungwa na makarani wa Utete, ikawafunga askari polisi, ikawafunga tena wavulana wa shule moja kutoka Kilwa. Abbasi ndiye aliyeulaza mpira nyuma ya mstari mara nne. Ilibaki mechi moja, ya kikombe, mbele ya wakubwa wa Jimbo.

"Ofisi ya elimu ilileta barua," Abbasi alisema. "Mwalimu Sadallah alitusomea darasani, kabla Bwana hajamkataza. Raga isichezwe pekupeku kwenye udongo mkavu mpaka mvua zinyeshe. Bwana Toli akasema mvua hazijui tarehe ya kikombe. Tukaendelea na mazoezi. Jumanne nikakumbwa, mguu ukabaki chini."

"Ukakumbwa na nani?"

"Mchezo, baba. Nilikumbwa tu."

*

Mshamu alikuwa mkata boriti. Mikono yake ilikuwa myeusi kwa magome ya mikoko, na alipofika Nyakimbe baada ya mwendo wa siku mbili kwa maji na kwa miguu, karani wa shule alimtazama mikono hiyo akamwambia akae chini barazani, ilhali benchi lilikuwa tupu.

Alikaa tangu asubuhi mpaka jua la utosi. Mwalimu Sadallah alipotoka, hakuamkia. Mwaka juzi, alipokuja Salale kutafuta wanafunzi, alikuwa amevua viatu mlangoni na kusema "Shikamoo, mzee Mshamu," akala wali na kamba, akalala siku mbili.

"Mzee, barua hukuipata?"

"Nimeipata. Nimekuja kuuliza mnazi gani."

"Mnazi gani vipi?"

"Nimezunguka shule yako yote kabla ya kukaa hapa. Minazi yenu haijafika kimo cha paa. Mtoto aliyezaliwa mtoni aanguke hapo avunjike muundi?"

Sadallah alitazama nyuma yake. Bwana Toli alikuwa anakuja, kaptula yake imepigwa pasi, mpira ameubana kwapani. "Jambo, mzee!" alisema kwa furaha, kisha akasimama akazungumza na Sadallah kwa Kiingereza. Mshamu alilisikia jina la mwanawe likipita mara tatu katikati ya maneno asiyoyajua. Mzungu akampigapiga begani, akaenda zake uwanjani.

"Bwana anasema pole," alisema Sadallah.

"Kasema maneno mengi kuliko pole."

Mwalimu akachuchumaa, kwa mara ya kwanza nyuso zao zikawa sawa. "Mzee Mshamu, nisikilize. Nina watoto wanne na kazi hii moja. Usinitie kinywani mwa mamba."

"Ulikula kwangu, mwalimu. Ulikaa kwenye jamvi langu ukasema, nipe hao wawili, mimi ni baba yao kule. Baba gani huyo anayemwandika mwanawe mwizi?"

Sadallah aliinuka akapangusa magoti ingawa hayakuwa na vumbi. "Kama una shauri, lipeleke Utete," alisema, akaingia ndani.

Mshamu alikwenda Utete. Karani mmoja wa ofisi ya Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, jina lake Mohamedi, alimwandikia maombi yake, akamuuliza kama ana shahidi, maana bila shahidi kauli ya mwanafunzi aliyefukuzwa ni upepo.

"Ninaye," alisema Mshamu. "Nahodha wao. Mtoto wangu mwingine."

*

Jibu lilikuja baada ya juma moja: Bwana Shauri mdogo atakwenda Nyakimbe Alhamisi ya pili kusikiliza. Ijumaa iliyotangulia Bwanaheri alikuja nyumbani kwa ruhusa ya kumwona mgonjwa.

Aliingia, akamkuta Abbasi ameketi akiegemea ukuta, mguu umenyooshwa kwenye magunia. Alisimama mlangoni muda mrefu na kikapu cha machungwa mkononi. Kisha akapiga magoti, akainamisha uso mpaka ukagusa mkeka.

"Mjomba," alisema, maana Mshamu alikuwa nyuma yake, "mimi ndiye niliyemkumba."

Zamda aliacha kupepeta.

"Kaka, kwani nani alikuuliza?" alisema Abbasi.

"Bwana Toli alisema Abbasi anaogopa kukumbwa, mechi ya kikombe atatuangusha. Akaniambia nimkumbe mpaka woga umtoke. Mara ya kwanza nilimwachia. Akanitukana mbele ya wote. Mara ya pili nikaingia kwa bega." Alikuwa analia sasa, mabega yale mapana yakitikisika. "Nilisikia ukivunjika, mjomba. Kama ukuni."

Mshamu alikaa. Alimtazama mwanawe, akaelewa kwa nini kila alipoulizwa alijibu "mchezo". Akamshika Bwanaheri kichwani.

"Ulitumwa, ukafanya. Mchezo una ajali, na ajali haina kisasi. Hilo nimelifuta leo hii, na mama yako kalifuta. Au vipi, Zamda?"

"Nimelifuta," alisema Zamda. "Ila nazi siifuti."

"Nazi ndiyo shauri," alisema Mshamu. "Alhamisi atakuja mkubwa kutoka Utete. Atawauliza. Utasema?"

"Nitasema, mjomba."

"Watakutisha."

"Wallahi nitasema. Nisiposema mimi atasema nani?"

Zamda alimpikia bada la muhogo na samaki wa nazi, akampa kipande cha kichwa kama alivyopenda. Jioni Bwanaheri alimbeba Abbasi mgongoni mpaka ukingoni akaoge, na watu waliwaona wawili hao wakicheka, mguu uliofungwa umechomoza mbele kama kasia.

*

Alhamisi wavulana kumi na wanne walipangwa barazani kwa urefu, wamevaa fulana za timu, mistari myekundu na myeupe. Bwana Shauri mdogo alikuwa kijana, shingo imeungua kwa jua, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha kitabuni, kila neno limesimama peke yake. Aliamuru Mshamu apewe kiti. Mshamu alikaa ukingoni mwa kiti hicho, mikono katikati ya magoti. Bwana Toli alikaa upande wa pili, miguu ameipishanisha. Sadallah alikuwa anaandika.

"Wewe. Abbasi Mshamu aliumia wapi?"

"Alianguka mnazini, Bwana."

"Wewe?"

"Mnazini, Bwana."

Walisema hivyo mmoja mmoja. Wengine walisema haraka, wengine kwa kuinamisha macho. Mmoja, mdogo kuliko wote, alisema kabla hajaulizwa. Mshamu hakuwahesabia kosa. Hawakuwa watoto wake. Alimtazama wa mwisho tu, mrefu, mwenye mabega, aliyesimama mikono nyuma.

"Wewe ndiye nahodha. Tena ndugu yake. Hebu eleza. Nini ilitokea?"

Bwanaheri hakumtazama mjomba wake. Alitazama juu kidogo ya kichwa cha Bwana Shauri mdogo, akafungua mdomo, akajibu kwa Kiingereza.

Alisema maneno mengi, yaliyonyooka, kama anayesoma. Mshamu alinyoosha shingo. Alidhani, kwa muda mfupi, kwamba mtoto ameamua kusema kweli kwa lugha ya wenyewe ili isipotoshwe na mtu, na moyo ukamdunda kwa fahari. Aliona Bwana Toli akitikisa kichwa taratibu kwa kukubali. Ndipo fahari ikaganda.

"Kasema nini?" aliuliza. Akageuka. "Mwalimu Sadallah, mtoto wangu kasema nini?"

Sadallah aliendelea kuandika ingawa hakuna aliyekuwa akisema.

Bwana Shauri mdogo ndiye aliyejibu, uso umemwiva. "Anasema nazi, mzee. Anasema ndugu yake alikuwa na tabia hiyo tangu nyumbani."

Mshamu aliinuka kwenye kiti. "Bwanaheri," alisema, si kwa sauti kubwa. "Niambie mimi. Kwa lugha ya mama yako."

Kijana alikuwa ametazama sakafu. Bwana Toli akasema neno moja, na wavulana wote kumi na wanne wakageuka kwa pamoja, wakatoka mbio kwenda uwanjani.

*

Kikombe walikipata. Habari ilifika Salale na wakata boriti waliotoka Utete: nahodha alibebwa juu juu, akapewa mkono na mkubwa wa Jimbo. Mtihani ulipita. Mvua za vuli zilinyesha, mpunga ukapandwa, na Abbasi akaanza kusimama kwa fimbo. Mguu ulikuwa umefupika upana wa vidole vitatu.

Kazi ya mikoko haikumfaa tena, maana mkata boriti hutembea juu ya mizizi. Lakini Bashiru, msimamizi wa ghala la boriti, alikuwa anatafuta mtu ajuaye kusoma, wa kuhesabu boriti na kuzitia alama kabla hazijapakiwa. Mshamu alimwendea mara mbili.

"Mtoto ni mwerevu, najua," alisema Bashiru mara ya pili. "Lakini ghala ni mali ya watu, Mshamu. Serikali imeandika mwizi. Nahodha, ndugu yake wa mkeka mmoja, kasema mwizi. Mimi nani nibishe?"

"Na huyo ndugu akisema vingine?"

"Akisema mbele yangu, kwa mdomo wake, kesho mtoto wako ashike chaki."

Mwezi wa Januari Bwanaheri alikuja. Alikuwa na viatu na sanduku la bati. Zamda alipomwona alikwenda jikoni akakaa huko. Bwanaheri alimkuta mjomba wake uani akinoa shoka, akaamkia, akaitikiwa, akabaki amesimama, kwa kuwa hakuambiwa akae.

"Nimechaguliwa sekondari, mjomba. Ila fomu hii inataka dole la mlezi. Bila dole hawanipokei."

Mshamu aliendelea kunoa. "Walikuahidi hiyo kabla au baada?"

"Kabla. Na waliniambia nikisema kweli, nitaandikwa mimi ndiye niliyemvunja kwa ugomvi. Ningefungwa, mjomba. Niliogopa."

"Ungeniambia ile Ijumaa."

"Ile Ijumaa nilikuwa sijaambiwa. Waliniita Jumatano."

"Na tabia ya tangu nyumbani? Hiyo nayo walikuambia?"

Bwanaheri alitazama viatu vyake.

Mshamu aliweka shoka chini. Alimweleza habari ya ghala na maneno ya Bashiru. "Leo baada ya alasiri nitawaita Bashiru na majirani wanne, wakae pale barazani. Uwaambie yaliyotokea. Huko shuleni hakuna atakayesikia. Hawa wataandika barua kwa nani? Neno lako moja, nduguyo apate riziki."

"Nitasema," alisema Bwanaheri. "Leo nitasema."

Akatoa kidau kidogo cha wino na ile karatasi.

"Ngoja aseme kwanza!" Sauti ya Zamda ilitoka jikoni.

"Hapana," alisema Mshamu. "Sitaki aseme kwa kununuliwa. Wale walimnunua, mimi sitamnunua." Alitia dole gumba kwenye wino, akalikandamiza pale alipoonyeshwa. "Huyu mtoto wa Mashavu. Dole hili ni lake aseme asiseme. Ila nakuomba, mwanangu, sema."

Bwanaheri aliipuliza karatasi mpaka ikakauka. Alikwenda kwa Abbasi, wakakaa pamoja kitambo wakizungumza mambo ya mwalimu fulani na maswali ya hesabu. Adhuhuri ilipoadhiniwa alisema anakwenda kuchukua udhu.

*

Majirani walifika baada ya alasiri. Bashiru alivaa kanzu. Johari, mwenye kuuza chumvi, alikuja na mwanawe. Bi Mwanaamina akaja na mkongojo wake, na wanaume wawili wa ghalani. Zamda aliwapa kahawa. Wakazungumza mpunga, wakazungumza nguruwe walioingia mashamba ya Maparoni. Kikombe cha pili kikamiminwa. Mshamu alimtuma mtoto wa Johari aende msikitini, kisha aende ukingoni.

Mtoto alirudi akihema. "Kapanda mtumbwi wa watu wa Utete, maji yalipojaa. Ana sanduku lake."

Mshamu alikaa na birika mkononi.

"Basi, umetuitia nini, Mshamu?" Bashiru aliuliza, kwa upole.

Mshamu aliliweka birika chini. Ndipo Abbasi alipotoka ndani, fimbo inagonga sakafu, akasimama mbele yao akitweta. Akawaeleza. Aliwaeleza uwanja mkavu, na barua ya elimu, na bega lililoingia mara ya pili, na namna wenzake walivyombeba kwenye mlango uliong'olewa chooni, Bwanaheri akiwa ameshika upande wa kichwa na kulia njia nzima. Hakumtukana mtu. Alipomaliza, Bi Mwanaamina alisema, "Mimi niliupapasa ule mfupa. Mfupa wa kuanguka hauvunjiki vile."

Wanaume wa ghalani walimtazama Bashiru. Bashiru alikitazama kikombe chake.

"Umesema vizuri, kijana," alisema hatimaye. "Lakini mimi nilitaka kusikia kwa yule." Akainuka, akapeana mikono na Mshamu, akaenda, na wale wawili nyuma yake. Johari alibaki kidogo, akamgusa Abbasi mkono, naye akaenda.

Baba na mwana wakabaki barazani.

"Baba, lile dole ungelitia hata kama angekataa?"

"Ningelitia."

"Na yeye alijua?"

"Nilimwambia. Mama yako alisikia."

Abbasi alikaa chini kwa shida, akaunyoosha mguu. "Basi alikimbia nini?"

Mshamu alimtazama kama mtu aliyeulizwa njia ya mahali alikozaliwa akakuta hajui. "Sijui, mwanangu," alisema. "Nilidhani namjua."

Zamda alitoka kukusanya vikombe. Cha Bashiru kilikuwa bado kimejaa. Alisimama nacho, akatazama mtoni, akatazama tope la ukingoni, kisha akampa mwanawe.

"Kunywa. Tusimwage."

Kahawa ilikuwa imepoa. Abbasi akainywa yote.